Hakuna Aliyemuuliza Platini

Kibanda changu cha kushona na kung'arisha viatu kina benchi moja nje, na benchi hilo lina wenyewe. Kuna Karani, mstaafu wa ofisi ya ardhi, mwenye gari la zamani la taa za duara analoliegesha mbele yetu ili tusikilize redio yake. Kuna Simu, fundi simu wa mlango wa pili, ambaye neno "sijui" hajawahi kulitamka. Na kuna Platini, aliyekuwa makanika miaka thelathini. Jina alilipata kwa vile vyuma viwili vidogo vya magari ya kizamani, platini, vinavyogusana na kuachana mpaka plagi ipate cheche. Akizisugua yeye, gari lililolala mwaka mzima linaamka. Kahawa ni yangu, kwa hiyo msimulizi ni mimi, na asiyetaka akanywe maji.

Ijumaa hiyo Karani hakuwa na raha. Kesho yake saa nne alikuwa ampeleke binti yake kwenye harusi, kwa gari lile lile alilomtoa nalo hospitali akiwa na umri wa siku mbili. Ahadi hiyo alimpa mtoto akiwa darasa la pili, na mtoto hakuisahau. Lakini gari lilikuwa na tabia ya kuzima kwenye makutano, na baba gani anataka bibi harusi ashuke asukume? Basi akanunua kidude cha elektroniki kinachokaa mahali pa platini, cheusi, chenye waya mbili. Asubuhi akakifunga yeye na Simu. Kusema kweli gari lilinguruma kuliko siku zote, tukalizungusha mtaa mzima tukipunga mikono. Platini alibaki kwenye benchi na kikombe chake.

Saa saba mechi ikaanza redioni, tukaisikiliza mpaka saa tisa. Tukafungwa. Karani akaingia garini aende kuliosha, akapiga stata. Injini ikazunguka, ikazunguka, haikushika. Akashuka, akachomoa waya wa plagi kuangalia cheche, hakuna hata ya kuwashia kiberiti.

— Tulia, Simu akamwambia. Kitu kipya cha umeme lazima kichajiwe kwa saa nane kwanza. Haraka haraka haina baraka.

— Mbona asubuhi kiliwaka?

— Ile ilikuwa chaji ya dukani.

Mimi nilikubali, maana alisema bila kupepesa macho. Alipoona tumekubali akapanda ngazi nyingine: kosa ni la mnara wa simu ulio nyuma ya shule, mawimbi yake yanaingia kwenye kidude yanakivuruga, na ndiyo maana wahenga walisema aisifuye mvua imemnyea. Mvua ilihusika vipi hakutueleza. Akashauri tulisukume gari hadi ng'ambo ya uwanja, likapunge hewa. Sikutaka kuachwa nyuma. Nikasema gari lina wivu. Limembeba huyo mtoto tangu mchanga, leo linasikia anaolewa, litawakaje? Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Karani hakucheka. Alikuwa amerudi ndani ya gari, ameshika usukani kwa mikono miwili, na niliona dhahiri kwamba ameogopa.

Hapo ndipo binti mwenyewe akatokea, nywele zimefungwa kitambaa, amemletea baba yake soksi mpya. Akatusalimia wote, akamwamkia Platini kwa jina analomwita siku zote, baba mdogo. Akasikiliza habari ya chaji, ya mnara na ya wivu. Kisha akainama dirishani.

— Baba, huu ufunguo umewashwa tangu saa ngapi?

Redio ndiyo iliyomjibu, inasoma matokeo. Karani akashuka, akafungua boneti, akagusa koili, ule mtungi unaoipa plagi umeme, akaurudisha mkono haraka, ilikuwa ya moto kama pasi. Kwa ajili ya redio, kwa saa mbili nzima umeme ulikuwa unapita kwenye kidude, injini imezima.

— Kimeungua, Platini akasema. Ni neno lake la kwanza tangu asubuhi.

Simu akamwuliza ajabu hiyo imetokeaje leo, wakati redio tunaisikiliza kila siku ya Mungu.

— Kila siku kabla hamjawasha redio mimi naweka gia, nalisukuma gari kidogo, mpaka platini ziachane. Zikiachana, umeme haupiti. Ninyi mlidhani nanyoosha mgongo.

— Na leo? Karani akauliza.

— Leo niliuona ufunguo umewashwa. Makanika mwenzangu alishaniambia vidude hivi havitaki hivyo. Nikanyamaza.

— Ukanyamaza. Mtoto anaolewa kesho, wewe ukanyamaza.

— Miaka ishirini na saba nafungua gari hilo. Umenunua dawa ya ugonjwa wake hukuniuliza hata naonaje.

Nilitamani kumtukana, nikakumbuka kwamba hata mimi sikumwuliza. Binti ndiye aliyekwenda kukaa kwenye benchi, pembeni ya Platini.

— Mimi nakuuliza sasa, baba mdogo. Kesho nitafika?

Platini akameza kahawa yote iliyobaki. Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa. Ndani yake zilikuwa platini za zamani, alizoziokota kwenye ndoo yangu ya taka asubuhi. Akaagiza kitambaa kibichi cha kupoza koili, bisibisi na msasa. Simu akamshikia boneti. Kukitoa kidude na kuzirudisha platini kulichukua nusu saa. Karani akarudi kwenye usukani. Stata ya kwanza ikakataa, ya pili ikashika, na injini ikatulia kwenye mngurumo wake wa siku zote.

— Nenda kajaribu gauni lako, Platini akamwambia binti. Saa nne utakuwa umeshafika.

Karani akashuka. Alizunguka gari mara moja, akaja kusimama mbele ya Platini.

— Kesho ukae mbele na mimi, ndugu yangu.

— Halitazima.

— Najua halitazima. Uje hivyo hivyo.

Platini akavitazama viatu vyake, vimejaa oili. Kisha akakaa, akavivua, akanikabidhi.