Samaki wa Uzito wa Rawan

Asalaam alaykum, wasikilizaji wapendwa. Ijumaa imetukuta tena tukiwa hai, na kwa hilo tunasema alhamdulillahi.

Mwezi huu Sib, mji wetu wa pwani hapa Oman, imepoteza mtu. Ametutoka Mzee Thani bin Yaqdhan. Wengi wenu mlimjua kama fundi wa magari kule Wattaya. Wengine mlimjua kama yule mzee aliyekuwa akisimamishwa uwanja wa ndege kila mwaka, kwa sababu begi lake limejaa vipande vya risasi. Askari humuuliza, "Hivi vya nini, ami?" Naye hujibu, "Vya kuzamisha mshipi." Askari hutazamana. Jamaa anatoka kwenye bahari, anapanda ndege kwenda kuvua ziwani!

Mzee Thani. Thani bin Yaqdhan, mzaliwa wa Ujiji, mkazi wa Sib. Kipindi cha leo ni chake. Na niwaambie mapema, si kipindi cha kumpamba. Watu wa nyumba yake walinikaribisha vizuri, wakanipa kahawa na halua, kisha wakanieleza jinsi walivyomkasirikia. Mkewe, Bi Masouda, aliniambia hivi: "Usije ukamsema kama malaika. Sema kweli. Yule bwana nlimpenda, na alinchosha."

Basi nitasema kweli, Mwenyezi Mungu anisaidie.

Ujiji iko Kigoma, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Ni ziwa kubwa, na kina chake ni kirefu mno. Thani alizaliwa hapo, akakua akimtazama baba yake akirambaza. Kurambaza ni hivi, kwa wasioijua kazi hiyo. Mshipi mrefu unashushwa nyuma ya chombo. Una chubwi zito la kuupeleka chini. Karibu na ndoana kuna kipande cha bati kinachometameta. Chombo kinakwenda taratibu, taratibu kuliko mtu anayetembea. Huko chini kwenye giza, pima ishirini au thelathini, anakaa samaki mkubwa aitwaye sangala. Akikitaka kile kinachometameta, anakula. Asipokitaka, hutajua hata kama alikuwapo.

Familia ilihamia Oman Thani alipokuwa kijana. Akajifunza ufundi wa magari. Akaoa. Akapata mtoto mmoja tu, binti, Rawan. Hawakujaaliwa mwingine.

Rawan alipokuwa na miaka sita, aliugua. Homa haikushuka. Mtoto akakonda mpaka mbavu zikahesabika. Asubuhi moja hospitalini muuguzi alimpima uzito, akamwambia baba: kilo kumi na sita. Mzee Thani akatoka nje kwenye ukumbi, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akainua mikono.

Bi Masouda alikuwa pembeni yake. Haya ni maneno yake: "Nnamsikia kwa masikio yangu haya. Anasema, ya Rabbi, nirudishie mwanangu, nami ntavua kwa mkono wangu, ziwani kwetu, samaki mmoja wa uzito wa mwanangu, nwalishe mayatima wa Ujiji. Nkamvuta kanzu. Nkamwambia, sema mbuzi, Thani! Sema mbuzi! Mbuzi yupo sokoni. Wapi! Keshasema."

Wasikilizaji wapendwa, yashikeni maneno hayo ya nadhiri. Kwa mkono wangu. Ziwani kwetu. Samaki mmoja. Uzito wa mwanangu, kilo kumi na sita. Mtu mwenye hofu aliahidi kitu kikubwa kabisa alichokijua tangu utotoni.

Rawan akapona. Alhamdulillahi, akapona kabisa. Leo ni mtu mzima, mfamasia, anafanya kazi Madinat Sultan Qaboos. Na Mzee Thani akaanza safari.

Kila Julai alichukua likizo yake yote akaenda Ujiji. Alikodi boti ya Hamdan, mvuvi wa pale pale, kijana wakati huo, sasa naye ana mvi. Bati za chambo alizikata mwenyewe karakanani Wattaya, kutoka vifuniko vya magurudumu vilivyotupwa. Alitengeneza glavu kwa mpira wa ndani wa tairi, ili mshipi usimkate.

Mwaka wa kwanza, hakupata kitu. Mwaka wa pili, mshipi ulijizungusha kwenye panga la mashine wakarudi kwa makasia. Mwaka mwingine alipata sangala wa kilo tisa. Mwaka mwingine kumi na moja. Kisha akaja wa kilo kumi na nne. Kumi na nne! Zimebaki mbili tu! Alimpigia simu Bi Masouda kutoka sokoni Ujiji, samaki yuko kwenye mizani.

"Nkamwambia, mtie mawe tumboni uje zako," anasema Bi Masouda. "Akanijibu, Masouda, astaghfirullah. Nkamwambia, soko la Sib lipo hapa, limejaa samaki, mkubwa upendavyo. Mnunue, mgandishe, mpeleke. Akanijibu, huyo si wa ziwani. Nkamwambia, basi nunua wa ziwani. Akanijibu, huyo si wa mkono wangu. Miye nkakata simu."

Hivi ndivyo ilivyokuwa, wasikilizaji, mwaka baada ya mwaka. Samaki wadogo aliwagawa sadaka pale pale. Hakuwahesabu.

Nilimuuliza Rawan alijisikiaje. Akasema: "Mimi ndiye niliyeponywa, na mimi ndiye niliyemkosa baba. Namaliza shule, baba yuko ziwani. Watu wanakuja kuniposa, wanaambiwa mwenye nyumba yuko ziwani, anatafuta samaki. Wallahi hawakurudi. Na kila mtu ananiambia, mshukuru baba yako, anahangaika kwa ajili yako. Yaani hata kukasirika sikuruhusiwa."

Mzee Thani alistaafu. Akasema sasa nina wakati. Ndipo nchi zinazolizunguka ziwa zikaanza kulifunga kwa miezi kadhaa, samaki wapumzike wazaane. Mwaka wa kwanza wa kufungwa, yeye alikwenda Julai kama kawaida. Hakuuliza mtu. Akafika Ujiji, boti zote ziko juu mchangani. Alikaa ufukweni siku zote za tiketi yake, akilitazama ziwa. Hamdan alimwambia, "Mzee Thani, ungepiga simu hata moja." Akajibu, "Nimekuja miaka yote, nilidhani ziwa linanijua."

Sasa nakuja kwenye tukio lenyewe. Hili nimelisikia kwa Hamdan kwa simu, na nimelisikia kwa Bi Masouda, aliyesimuliwa na mumewe, na hawapingani.

Ilikuwa Oktoba, ziwa limefunguliwa. Asubuhi, upepo umetulia. Mashine ya boti inanguruma chini chini, mshipi uko ndani, Mzee Thani ameushika kwa vidole viwili kama kawaida yake. Mara mkono wake ukavutwa mpaka majini.

"Nilijua ni yeye," anasema Hamdan. "Alivuta mpaka boti ikageuka."

Mzee Thani alipigana na samaki yule. Akivuta pima tatu, samaki anachukua tano. Uso ukabadilika rangi. Jasho. Pumzi zikawa za kukatika. Hamdan alijua kuwa mzee ana ugonjwa wa moyo, maana Bi Masouda alikwisha kumwonya. Samaki akaonekana, mgongo wake upana wa mlango, hivyo ndivyo asemavyo Hamdan. Mshipi ukaanza kuteleza mikononi mwa mzee. Hamdan akapiga kelele, "Mzee, utakufa!" Akaurukia mshipi, akavuta pamoja naye. Samaki akaingia botini.

Hamdan akapiga takbiri. Akacheza ndani ya boti. Kisha akaona mzee amekaa tu, mikono juu ya magoti.

"Hamdan, umegusa."

"Nimegusa nini, mzee wangu?"

"Mshipi. Umegusa mshipi."

"Mzee, ungekufa!"

"Najua. Mungu akulipe kheri. Lakini umegusa."

Walimpima Ujiji sokoni. Kilo ishirini na tatu. Kilo ishirini na tatu, wasikilizaji! Akapikwa kwa nazi na wali, mayatima wakala wakashiba, wakamwombea Rawan dua kwa jina lake. Na Mzee Thani akampigia simu binti yake jioni ile.

"Rawan, mayatima wamekula."

"Baba! Alhamdulillahi! Khalas, imekwisha?"

"Wamekula samaki wa Hamdan."

Rawan anasema alihisi kichwa kinapasuka. Akamwambia, "Baba, wameshiba! Wanajua wao mkono ulikuwa wa nani?" Baba akamjibu, "Wao hawajui." Kisha akasema, "Mwakani, inshallah." Rawan akakata simu. Hawakuzungumza mpaka aliporudi, na aliporudi, walizungumza habari za dawa zake tu.

Niseme ukweli, hata mimi niliposikia hapo nilikereka. Nikajiuliza, huyu mzee anataka nini tena? Semeni nyinyi.

Bi Masouda hakukaa kimya. Alikwenda kwa sheikh wa msikiti wao pale Sib, akamweleza yote. Sheikh akaja nyumbani, akakaa na Mzee Thani barazani. Akamwambia kwa upole kwamba ibada katika nadhiri yake ni kuwalisha mayatima, na mayatima wamelishwa. Mkono si ibada. Uzito si ibada. Umetimiza, Thani, mshukuru Mola wako. Na kama moyo bado una shaka, lisha masikini kumi iwe kafara, ulale usingizi.

Mzee Thani alimsikiliza mpaka mwisho. Masikini kumi akawalisha, kesho yake tu. Ila pale pale barazani alimwambia, "Sheikh, nakushukuru sana. Lakini sikukuahidi wewe."

Bi Masouda alikuwa nyuma ya mlango. "Nkatoka na sinia ya kahawa mkononi. Nkamwambia, Thani, Mungu si polisi! Sheikh akacheka, akajifunika uso kwa kilemba. Thani hakucheka."

Daktari akamkataza kusafiri. Akamkataza kubeba vitu vizito. Basi Mzee Thani akafunga kamba kwenye ndoo ya mchanga uani, akawa anaivuta polepole kila baada ya alasiri, mikono isilegee. Bi Masouda akaikata kamba kwa kisu cha jikoni. Mzee akaunga fundo. Bi Masouda akaikata tena. Nilipokwenda kutoa pole, niliiona. Ina mafundo mengi.

Mzee Thani bin Yaqdhan alifariki asubuhi baada ya swala ya alfajiri, akiwa bado juu ya mswala. Hakuugua kitandani. Hakusumbua mtu. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Mnajua desturi yetu ya mazishini. Watu wakishaswali, mmoja wa familia husimama akasema, kama kuna mwenye haki yake kwa marehemu, aje kwetu. Alisema hivyo shemeji yake. Hakujitokeza mtu. Mzee Thani hakuacha haki ya mtu yeyote. Lakini ndani, upande wa wanawake, Rawan alisimama mbele ya mama yake, macho yamevimba, akasema, "Mama, nadhiri ya baba naichukua mimi."

Bi Masouda akamwambia, "We mwana, una wazimu? Sheikh kasema imekwisha!"

"Najua kasema."

"We hata samaki wa kwenye sahani nakutolea miba miye!"

"Najua, mama."

"Na ulikuwa ukimgombeza kila siku!"

"Bado nimemkasirikia," akasema Rawan. "Nitakwenda nikiwa nimemkasirikia."

Na amekwenda, wasikilizaji wapendwa. Ziwa liko wazi. Rawan binti Thani, mfamasia wa Muscat, asiyejua kuogelea, yuko Ujiji. Juzi nilimpigia. Simu ilikuwa na kelele za mashine. Nikamuuliza, umepata? Akasema, "Sijapata kitu. Sijapata hata wa kuchezea paka. Mikono imepasuka, mgongo unauma, nimetapika botini mbele ya watu. Sijui baba alikuwa akipenda nini huku." Nikamuuliza, Hamdan yupo, hakusaidii? Hapo sauti yake ikabadilika. "Anataka sana kusaidia," akasema. "Nimemwambia akae na mashine yake. Akigusa mshipi wangu, nitamtupa majini."

Nadhani sote wawili tulisikia ni nani aliyekuwa akisema.

Kwa Bi Masouda, kwa Rawan, kwa ndugu wote wa Sib na wa Ujiji, tunatoa pole kutoka moyoni. Mwenyezi Mungu ampokee Mzee Thani, ampanulie kaburi lake, na ahadi ile aliyoitolea jasho miaka yote aiandike katika mizani ya mema yake. Ameen.

Nawe unayenisikiliza, huenda nyumbani kwako yuko mtu wa namna hii. Amebeba jambo ambalo wewe unaliona halina maana, na linakuudhi, na linakunyang'anya wakati wake. Sikwambii usikasirike. Mimi mwenyewe nimekasirika leo mbele yenu. Nakuomba jambo moja: muulize angali anaweza kukujibu, na ukae mpaka amalize.

Tumwombee marehemu. Na tukimaliza kumwombea yeye, tumwombee na binti yake. Saa hii yumo botini, na mshipi uko chini.