Brody Yuko Kwenye Picha Ipi?

Asubuhi hiyo ya Julai, benchi la mbele ya uwanja wa barafu wa Halbrook lilikuwa na watu watatu na chupa moja ya kahawa, na wote watatu walikuwa wamenuna. Brody Maksymiw, mzaliwa wa mji huo, alikuwa ametwaa dhahabu ya Olimpiki, ubingwa wa dunia, na sasa Kombe la Stanley, taji la ligi kuu ya hoki ya barafuni. Wachezaji wa hoki waliopata yote matatu hawajazi hata basi moja. Kila anayelitwaa Kombe hupewa siku moja alipeleke apendako, na Halbrook walishajenga jukwaa. Sasa gazeti linasema Brody analipeleka Rushfield, mji wa jirani.

— Rushfield, akasema Trekta, aliyeendesha mtambo wa kulainisha barafu pale miaka thelathini. Watu wasiojua hata kuchoma soseji.

— Ni mkewe huyo, akasema Mama Tiketi wa dirishani. Anawapendelea watu wa kwao.

— Mkewe ni Mfini, mama, wa Finland huko, akasema Trekta.

— Basi ndiyo mbaya zaidi.

Lorne, ambaye mji mzima humwita Kocha, alilikunja gazeti mara nne, akalikalia. Mfukoni mwa shati alikuwa na hotuba ya kumkaribisha Brody, ambayo hajamwonyesha mtu.

— Hana shukrani, akasema. Alijifunza kusimama kwenye barafu ya nani?

— Mimi nawaambia, Kombe lenyewe ni la bati, Trekta akasema. La kweli limefungiwa. Anajua nikiliona tu nitagundua, ndiyo maana analikwepesha.

— Wewe uliyegonga goli na mtambo mchana kweupe? akauliza Mama Tiketi.

— Lilikuwa limesogezwa.

— Akija hapa, simpi mkono, Kocha akasema.

Mwalimu mpya wa shule, aliyehamia wiki iliyopita, akatoka uwanjani ameshika simu.

— Samahanini wazee wangu. Nimezipitia picha zote za timu ukutani. Brody yuko kwenye ipi?

Trekta akachungulia ndani ya kikombe chake. Mama Tiketi akaanza kuvuta uzi kwenye mkono wa sweta.

Lorne akautazama mlango. Hapo ndipo kila Septemba alipobandika orodha ya watoto aliowachagua. Mwaka mmoja mtoto wa miaka kumi na miwili aliisoma kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu, akilitafuta jina lake. Mdogo mno, Kocha alikuwa amesema. Baba yake akampakia kwenye gari, wakaenda kuomba nafasi Rushfield.

— Kahawa imeisha, akasema Mama Tiketi, akaifunga chupa iliyojaa nusu.

Mwalimu alikuwa bado anasubiri. Lorne akaweka kiganja juu ya mfuko wa shati, juu ya ile karatasi ambayo neno lake la kwanza lilikuwa «Nisamehe».