Asumani alitolewa bila Hadidja

Benchi yetu njo ile traverse, lile gogo la reli, iliyolala juu ya mawe mawili karibu na gare ya treni, mbele ya birika ya kahawa ya Mama Mwavita. Ukipita pale saa kumi utatukuta: Kasimu tunamuita Redio, juu anajua habari mbele haijatokea, Tambwe tunamuita Procureur, juu hukumu yake haina rufaa, Masudi wa atelier, karakana ya reli, na miye. Siku ile hatukukaa kwa kupumuzika. Tulikaa na hasira, na nikikumbuka, hasira inanipanda tena.

Asumani, mudogo wa Masudi, alipasuliwa tumbo siku ya yenga, yaani jumapili, utumbo ulikuwa umejikunja. Wakamulaza mu réanimation, kile chumba cha wagonjwa wa hali mbaya, na infirmière Hadidja, muuguzi wake, hakuwa mbali naye. Alituambia wazi, mugonjwa atabaki pale mpaka ijumaa. Akitoka, yeye mwenyewe atatembea pembeni ya kitanda mpaka mu salle kubwa ya wagonjwa wa kawaida, amukabidhi kwa mwenzake wa kule kwa mudomo, neno kwa neno. Hiyo njo kazi yao, na alituambia haina njia ya mukato.

Basi, siku ya tatu asubui camion ya Chama kinachotawala ikaingia lopitali, ikabeba wauguzi wote, wa réanimation na wa salle, waende kucheza animation, zile ngoma za kusifu wakubwa, kwenye kiwanja cha ndege, juu kulikuwa mukubwa anatoka Kinshasa. Amri ikafuata: réanimation iachwe tupu, wagonjwa watolewe, mugeni atapita kutazama. Mufagiaji, aliyeambiwa asukume vitanda, akasema mugongo unamuuma. Tukamubeba Asumani sisi, Masudi upande wa kichwa, Procureur na Redio katikati, miye miguu, tukamulaza kitanda cha mwisho mu salle ya wanaume.

— Mugeni hataki kuona wagonjwa, Procureur akaanza pale benchi. Anataka kuona mashuka.

Redio akamuambia hajui kitu. Ati mugeni mwenyewe anaumwa tumbo, na kile kitanda wamemutandikia yeye. Hata wazee walisema, mugeni njoo, mwenyeji apone.

— Mwenyeji gani amepona hapo? Masudi akamuuliza.

Redio akanywa kahawa.

Miye nikawatupia makosa wale wanawake. Nikasema honi ikilia tu, wanaacha muntu anakata roho na kuruka ndani ya camion, Hadidja pia.

— Hakuruka, Masudi akasema. Walimushika mukono, nilimuona.

— Angekataa.

— Weye jumamosi ulikataa?

Jumamosi ile nililima mbele ya nyumba ya mukubwa mumoja, salongo, ile kazi ya lazima bila malipo, jua kali, na sikufungua kinywa.

Procureur akaendelea. Kwa hesabu yake, siku hizi muuguzi anapandishwa cheo kwa kiuno: anayechoma sindano vizuri anabaki chini, anayecheza vizuri anakuwa chef. Redio akaona ameshindwa, akaongeza yake. Eti ile chupa kubwa ya hewa ya mu réanimation ilipanda camion ile ile, waende kujaza mupira wa gurudumu la ndege. Aliapa ameiona kwa macho yake. Hata Mama Mwavita, ambaye hasemi kitu, alimuangalia vibaya.

Masudi alikuwa anatazama tu upande wa lopitali. Procureur akataka kumutuliza, akamuambia salle ile iko na watu makumi tatu, na penye wengi hapaharibiki neno.

— Makumi tatu wote wamelala, Masudi akajibu. Ule ni mudogo wangu, Tambwe.

Pale njo Hadidja akatokea, kwa miguu, toka kiwanjani. Kitambaa cha Chama kilimugandama mwilini kwa jasho, viatu vimejaa vumbi. Ndege haikufika. Waliimba toka asubui, kisha wakaambiwa warudi makwao. Procureur hakumupa hata salamu. Alimusomea mashitaka yote, ya kuacha kazi, ya kiuno, mpaka ya chupa ya hewa, na sisi tukaitikia. Nasema kweli, nilimutukana miye pia, na ilinipendeza.

Yeye alisikiliza amesimama. Alimugeukia Masudi peke yake.

— Kwa hiyo wamemutoa. Yaya Masudi, kaka yangu, kuko maneno ningesema kule. Asinywe kitu, hata tone moja. Ule mupira mwembamba wa puani usitoke. Tumbo likikaza, munganga aitwe mara moja. Mulipomulaza, mulimuachia nani?

Nilimuangalia Masudi. Nilifikiri ameacha muntu wa kwao. Yeye alikuwa ananiangalia miye. Muke wa Asumani iko Lokandu, habari haijamufika. Redio, ambaye habari hazimupiti, aliinamisha kichwa. Tulitoka mu salle pamoja, wote wane, tukiwatukana wauguzi kwa sauti kubwa, na hakuna aliyegeuka nyuma.

— Mulimuachia nani? Hadidja akauliza tena, pole pole.

Hakungoja. Alivua viatu, akavishika mukononi, akakamata njia ya lopitali mbio, Masudi nyuma yake. Miye nilibaki nimekaa, na kahawa ndani ya kikombe changu ilikuwa ingali moto.