Huyu Si Mvivu, Daktari

Bwana mchungaji, wazee wa usharika, akina baba na akina mama, nawasalimu wote. Wakubwa zangu, shikamooni. Kabla sijaanza, naomba watoto wakacheze nje. Wametoka? Na wale wanaochungulia dirishani? Haya, asanteni. Mke wangu amekaa pale karibu na mlango. Amenipa ruhusa ya kusema, na ameapa kwamba nikikosea atanisahihisha mbele yenu.

Mnanijua. Nilizaliwa Kituntu, nikahamia huku Nkwenda kwa ajili ya kibanja cha migomba na kahawa alichoniachia mjomba wangu. Nilikuwa mtu wa nguvu. Mkungu wa ndizi niliupandisha kutoka bondeni peke yangu, tena nikiimba. Basi, mwaka ule watoto wengi walipougua matubwitubwi, na mimi mtu mzima nikayapata. Mashavu yakavimba, mkaja kunicheka. Kitu ambacho sikuwaambia ni kwamba uvimbe ulishuka mpaka chini, kwenye uanaume wangu. Nilitembea kama bata. Ulipokwisha nikashukuru Mungu, nikasahau.

Haukupita muda mrefu nikaanza kupungua. Jembe nikilishika, mikono inachoka kabla jua halijapanda. Ndevu zilizokuwa zinanitesa kila Jumamosi zikawa zinakaa mwezi mzima bila kuhitaji wembe. Nikiwa nimekaa kivulini, ghafla uso unawaka moto na jasho linanimwagika. Shangazi yangu aliponiona akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mwanangu," akasema, "hayo ndiyo yaliyonipata mimi nilipokoma kuona siku zangu!"

Cheka tu, mama, hata wewe pale nyuma. Mimi siku ile nilicheka kwa mdomo, lakini moyoni nililia. Maana, ndugu zangu, nawaambia bila kuficha, ndani ya nyumba yangu nilikuwa kama mgeni aliyepewa mahali pa kulala. Hamu ilikwisha kabisa. Nilimpenda mke wangu vilevile, ila mwili haukuitika.

Yeye alivumilia, kisha akaniuliza, "Baba, ni nani?"

"Nani nani?"

"Huyo mwanamke."

Nikaapa kwamba hakuna. Hakuniamini, na simlaumu.

Nikaenda zahanati. Mganga akaniuliza kinachonisumbua, nikasema, "Nimechoka." Akanipa kwinini. Niliporudi akanipa dawa ya minyoo. Mara ya tatu nikajikaza nikamwambia habari za ndevu na za nyumbani. Akacheka, akawaambia waliokuwa kwenye foleni, "Huyu bwana anataka dawa ya kulima!" Nilitoka pale nikiwa nimeinamisha kichwa.

Nikafunga safari mpaka hospitali kubwa ya upande wetu. Daktari wa pale alikuwa na haraka. Hakunigusa, hakuniambia nivue hata shati.

"Una watoto?" akauliza.

"Wawili, bwana."

"Mshukuru Mungu. Wenzako hawana hata mmoja. Nguvu hupungua kwa umri."

Na mimi arobaini nilikuwa bado sijafika! Nikasema, "Lakini, daktari..." Akamwita mgonjwa mwingine.

Niliporudi nyumbani nikamkuta mke wangu amefunga mzigo wake. Shemeji zangu walikuwa wamefika kutoka Kaisho kumchukua. Wamekaa barazani, wamekataa hata chakula. Hapo, ndugu zangu, aibu yote ikaniondoka, kwa sababu niliona nikinyamaza nyumba inavunjika. Nikamwita ndani, nikamweleza yote: matubwitubwi, uvimbe, jasho, kicheko cha zahanati, na yule daktari mwenye haraka.

Akaniuliza, "Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa ungenidharau."

"Na ulivyonyamaza nilifikiri umenidharau mimi."

Akatoka barazani, akawaambia kaka zake, "Waitu, ndugu zangu, kuleni, kisha mrudi nyumbani. Mume wangu anaumwa." Wakala. Kwa kweli walikula sana, njaa ilikuwa imewashika.

Tulikuwa tumesikia habari za daktari mzee, mzungu wa misheni, ng'ambo ya Mto Kagera, upande wa Uganda. Tukavuka, tukafika, tukapanga foleni. Lugha ya kule inakaribiana na yetu, na yule mzungu aliisema vizuri, kwa hiyo hatukuhitaji mkalimani. Jina langu lilipoitwa, mke wangu akasimama pamoja nami. Muuguzi akamzuia, "Mama, subiri hapa." Akapita! Mimi nikaanza wimbo wangu uleule, "Daktari, nimechoka..." Yeye akanikatiza.

"Daktari, mimi ndiye mkewe, mimi ndiye ninayeishi naye. Huyu si mvivu, na si mzee. Kuna ugonjwa ulimshika chini, na tangu hapo mwili wake umebadilika. Tumeshaambiwa tushukuru Mungu. Tumeshukuru. Sasa tunaomba umpime."

Yule mzee akaweka kalamu chini. Akanipima kila mahali, naam, na huko pia. Kisha akatueleza kwamba mwili wa mwanamume hutengeneza kitu kinachoingia kwenye damu na kumpa nguvu, ndevu na hamu, na kwamba matubwitubwi yalikuwa yameharibu mahali kinapotengenezwa. "Watoto wengine siwezi kukuahidi," akasema. "Lakini hicho kilichopungua naweza kukurudishia kwa sindano. Dawa haipo hapa, nitaiagiza. Nayo utaitumia siku zote."

Tukangoja, ikafika. Sindano yenyewe ni ya mafuta, inachomwa kwenye tako, na inauma! Lakini polepole nikaanza kuamka nina hamu ya kulima. Jasho likakoma. Ndevu zikarudi, mnaziona. Mengine mwulizeni mke wangu. Ameficha uso, basi msimwulize.

Yule mganga wa zahanati naye alivuka mto kwenda kujifunza dawa hii, akaniomba radhi, na leo ndiye anayenichoma. Namshukuru. Namshukuru daktari wa ng'ambo, na shemeji zangu waliorudi kutulindia kibanja tulipokuwa safarini. Kuliko wote namshukuru mama watoto, aliyepita mlango aliokatazwa. Na Mungu aliyenipa mke wa namna hii apewe sifa.

Nililojifunza ni hili: ukienda kwa daktari, taja panapouma kwa jina lake. Asiposikia, tafuta mwingine. Na ukishindwa kusema, nenda na mtu anayekupenda, akusemee.

Najua humu ndani yuko baba aliyeacha kucheka zamani kidogo. Sitamtazama. Tukitoka hapa nitarudi kwa njia ya chini, taratibu, nikiwa peke yangu. Atakayetaka kutembea nami, karibu. Tutaanza kwa kuzungumza habari za kahawa.