Jani la Isale Kwenye Glasi ya Meneja

Kijiwe cha Rau kina benchi moja, birika moja la kahawa na wataalamu wengi kuliko chuo alichosoma Priska, ambaye digrii yake bado inalala kwenye bahasha. Asubuhi hiyo alifika kavimba. Winfrida, anayepanga naye chumba, alifukuzwa kazi hotelini Jumatatu: mgeni aliuliza kama kahawa ya mezani kweli imetoka Marangu kama menyu inavyosema, yeye akajibu hapana, ni ya kopo. Siku ya tatu sasa hatoki kitandani. Ndipo Priska akachuma jani la isale, lile ambalo Mchaga akiletewa hana budi kusamehe, akampelekea meneja.

— Akasemaje? aliuliza Basili, aitwaye Wakili kwa kuwa alishashtakiwa mara tatu.

— Akasema "how lovely", akalitumbukiza kwenye glasi ya maji. Liko reception, pembeni ya password ya wifi!

Benchi zima likacheka. Priska hakucheka.

— Ulimpa umesimama, alisema Wakili. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Nimuinamie yule? Over my dead body.

— Tatizo ni jani, alidakia Gidioni, maarufu kama Kilele, mpagazi ambaye kileleni hajawahi kufika. Ulichuma wapi?

— Mabogini, kwa shangazi.

— Aaa! La tambarare hilo, limezoea mpunga. Linasamehe wali tu.

— Basi twende na mbuzi, alisema Wakili. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Mwenyeji kafukuzwa, Wakili, alisema Priska. Anapona nini?

— Na huyo meneja si mtu, Kilele alinong'ona. Nani kamwona anakula ndizi? Ni AI yule. Twende watu saba, kila mtu na jani lake, mpaka system ijae.

Priska, na hasira zake zote, alijikuta anatafuta mtu wa saba. Mama Goodness, muuza maziwa, akatua dumu lake.

— Shikamoo mama.

— Marahaba. Isale si hupelekwa na mwenye kosa?

— Ndiyo hivyo.

— Sasa Winfrida kakosa nini?

Wakili akachungulia kikombe chake. Kilele akatazama mlima, nao ulikuwa umejifunika mawingu. Priska akanyanyuka.

— We, unaenda wapi?

— Hotelini, kuchukua jani letu. Akitaka kusamehewa, atachuma lake alilete mwenyewe.