Futi Mbili za Pikapu

Mellen alikuwa akirudi kisiwani Mfangano na magunia yake matupu ya omena, dagaa wa ziwani, na ndani ya feri huwezi kuyakimbia maneno ya watu. Mbele yake Makori, mwanamume mwenye macho mekundu, alikuwa akimwambia jirani asiyemjua, "Mzee wangu amefariki, na pikapu yake nilishaikata futi mbili. Nilitaka ikae fupi, kama za vijana wa Isebania."

"Chesisi uliikatia wapi?" jirani akauliza. Kumbe ni fundi wa kuchomelea. Mellen akaguna, mwenzake analia, yeye anauliza chuma.

"Nyuma ya kebini."

"Omera, ndugu yangu, kile kipande cha bodi kiko wapi? Ningekiunga tena."

"Nilijengea kuku banda. Mzee alikitazama, akaniuliza tu, 'Na mimi utanibeba na nini?' Nikacheka. Mtu mrefu vile, nikacheka."

"Si ufungue tu mlango wa nyuma?"

"Nimefungua."

Feri ikatia nanga. Pikapu ikatangulia kushuka, jeneza limetokeza nje, na upande wa miguu Makori alikuwa amefunga kitambaa chekundu, kama wanavyofunga wabeba mbao.