Asali Kwa Sufuria Yangu ya Chai

Hamjambo ndugu zangu? Mimi ni fundi wa nguo hapa Ruiru, nashona yunifomu za shule. Leo nimesimama mbele yenu na furaha, kwa hivyo mkiona nacheka peke yangu, niacheni.

Daktari aliponiambia nina kisukari, niliacha ugali, chapati, mukimo, yote. Nilikula sukuma wiki, mayai na nyama mpaka mzee wangu akaniuliza kama tumefungua bucha. Kitu kimoja kilinishinda: chai. Si mnajua kwetu chai inachemshwa na maziwa na sukari pamoja, na mgeni akionja haina utamu atasema umemchoka? Basi nikatoa sukari, nikaweka asali. Kaka yangu anafuga nyuki, alinitumia mtungi mzima. Si asali ni dawa? Nilimimina bila huruma.

Ndugu zangu, nawaambia, vipimo vilipanda! Macho yakaingia ukungu. Kutia uzi kwa sindano nikawa naita jirani. Siku moja nilishona shati la mtoto, kola ikaangalia ndani. Mama yake akacheka, "Fundi, huyu anaenda shule ama anarudi?" Nikacheka naye. Alipotoka, nililia. Cherehani ndiyo inatulisha, na nilijiona nikienda kuiuza.

Nikaenda kliniki Thika na hasira yangu, nikamkuta nesi.

"Sista, nimejinyima kila kitu na bado!"

"Pole, mama. Na kwa chai unaweka nini?"

"Asali tu. Hiyo ni natural."

Akanishika mkono. "Mama, damu yako haijui hiyo imetoka kwa nyuki. Inajua tu ni sukari."

Haiya! Akaniambia nikinunua kitu cha kuweka badala ya sukari, nigeuze pakiti nisome nyuma, kwa sababu zingine zinajisifu mbele kwamba hazina sukari na ndani zimechanganywa na glukosi. Nitafute stevia tupu, ule utamu wa majani usio na sukari. Binti yangu alinisomea pakiti dukani mpaka mwenye duka akachoka na sisi.

Mara ya kwanza niliweka kijiko kizima. Uchungu, wacha tu! Kumbe ni kidogo sana, kama chumvi ya kuokota na vidole. Dawa sikuacha, kupima sikuacha. Pole pole vipimo vikashuka, na ukungu ukaondoka machoni.

Asante kwa yule sista, na binti yangu. Asante mzee wangu, aliyekunywa hiyo chai chungu na mimi akisema ni tamu. Uongo mtakatifu, huo. Nanyi msikubali kitu kwa sababu kinaitwa cha asili. Uliza, soma, kisha upime.

Chai ya leo nimepika mimi, sukari iko kando kwa anayetaka. Na hii nguo nimevaa, angalieni kola. Uzi nilitia mwenyewe. Sikuita mtu.